Shada la Karatasi za Ukutani

Sisi tuliosoma wakati shada la mahafali halijaanza kuuzwa dukani tunajuana kwa vidole. Ukimwona mtu mzima ana kovu la wembe kwenye kidole gumba, na ukimpa pipi haitupi karatasi yake bali anaikunjakunja bila kujijua huku anaongea na wewe, huyo ni mwenzetu. Mkalishe, mpe chai, mna mengi ya kuzungumza.

Mimi nilisoma Endasak, chini ya Mlima Hanang, shule ya msingi yenye mabati yaliyopiga kelele kila upepo uliposhuka. Na upepo wa Hanang mnaujua wenyewe, hauna adabu. Asubuhi tulifika na kuni mkononi, miguu imelowa umande, tukasimama mstarini na kusema "Shikamoo mwalimu" huku meno yanagongana. Mchana tulikula makande yaliyochemshwa kwenye pipa. Watoto wa siku hizi wakipewa makande wanatafuta nyama. Sisi tulitafuta maharage, na aliyeyapata aliyala mwisho ili wenzake wamwone.

Raha yetu ya wiki ilikuwa kipindi cha Stadi za Kazi. Zamani kilikuwa kipindi cha jina tu, tukipelekwa kupalilia shamba la shule au kuchotea walimu maji. Ndipo akaja Mwalimu Stella. Alitoka Songea, binti mwembamba aliyevaa koti kubwa kuliko yeye, maana baridi yetu ilimpokea tangu alipokanyaga stendi. Siku ya kwanza aliingia darasa la sita na mkasi, akachukua mfuko mtupu wa sukari, akaukunja, akaukata, akauvuta. Likawa ua. Jamani! Tulipiga kelele mpaka Mwalimu Mkuu akaja kuchungulia dirishani, akidhani tumeona nyoka.

Tangu siku ile hakuna karatasi iliyolala chini pale kijijini. Tuliokota mifuko ya saruji, karatasi za sigara zenye kung'aa, kalenda zilizopitwa na wakati, vifuniko vya madaftari. Mwenye duka alituona tukija akaanza kuficha maboksi yake. Mkasi ulikuwa mmoja tu, wa mwalimu, kwa hiyo tulikata kwa nyembe kwa zamu, na wavulana waliokuwa wakijidai wanaume wakakaa na wasichana kwenye madawati yaleyale kukunja maua. Rangi ya bluu tuliipata kwenye bluu ya kufulia, ya njano kwenye manjano ya jikoni, na nyekundu mwalimu alitutolea wino wake wa kusahihishia. Akasema, "Afadhali uishie kwenye maua kuliko kwenye madaftari yenu." Tulicheka, lakini ilikuwa kweli.

Tulitengeneza kadi, tukatengeneza vikapu vya kuwekea mayai ya kumpa padri, tukatengeneza maua ya kuweka mezani kwa wageni. Lakini kazi kubwa ya mwaka ilikuwa mashada ya mahafali. Darasa la sita ndilo lililowatengenezea kaka na dada wa darasa la saba, na Mwalimu Stella aliweka sheria yake: hakuna mhitimu wa kuondoka bila shada.

Kwa wageni wa mambo yetu nieleze kidogo. Siku ya mahafali mhitimu aliitwa jina, akasimama mbele ya watu wote, akasubiri. Baba alikuja na zawadi yake, kuku au beberu au shati jipya. Lakini shada shingoni lilivalishwa na mama. Mama alitoka kwenye umati akicheza, wanawake wenzake nyuma yake na vigelegele, akamvalisha mwanawe, na hapo ndipo watu walipojua huyu ana kwao. Asiyevalishwa alirudi kwenye benchi na shingo tupu, akaangalia viatu vyake. Na watu wa kwetu hawasahau. Utaoa, utazaa, utajenga nyumba ya matofali, bado kuna mtu atasema, "Si yule aliyerudi na shingo tupu?"

Mwaka ule kaka yangu Boay ndiye aliyekuwa anamaliza darasa la saba. Na Aayo, ndivyo tunavyomwita mama sisi Wairaqw, alikuwa amelazwa hospitali ya Haydom. Aliteleza kwenye mteremko na mzigo wa mahindi mgongoni, paja likavunjika. Kule hospitali walimning'iniza mguu kwenye chuma cha kitanda, akaambiwa atulie hivyo mpaka mfupa ushike. Baba alikwenda kumwona kwa basi, akarudi na ujumbe. Baba yangu ni mtu wa maneno machache, hata yale machache huyatoa kwa shida. Alikaa, akavua kofia, akaniambia mbele ya Boay, "Mama yako anasema shingo ya Boay isirudi tupu. Siku hiyo wewe Paskalina ndiye yeye."

Mimi! Nilikuwa kasichana ka darasa la sita kenye ukosi wa sare uliokatika, halafu niwe Aayo mbele ya kijiji kizima. Nilishindwa hata kula. Boay naye alijifanya hajali, akasema shada ni mambo ya wanawake. Lakini nilimwona akipiga pasi shati lake kwa pasi ya mkaa siku nyingi kabla, akilikunja na kulikunjua, na nikajua anaogopa.

Basi tukaingia kazini. Gundi yetu ilikuwa uji mzito wa unga wa ngano, maana ngano kwetu haikuwa shida. Mwalimu Stella alituambia tutie chumvi kidogo isije ikachacha. Sasa chumvi ya dukani nyumbani ilifungwa kwenye kikaratasi na mama wa kila nyumba alijua kila chembe. Lakini magadi! Kila nyumba ilikuwa na gunia la magadi kutoka Ziwa Balangida, kwa ajili ya ng'ombe kulamba. Tukasema chumvi ni chumvi. Tulileta kwa mikono miwili, tukakoroga, gundi ikawa safi, ikashika vizuri ajabu. Mwalimu alitusifu. Yeye wa Songea angejuaje tulichotia?

Mashada yalipokamilika tuliyaning'iniza kwenye waya darasa la pili yakauke. Yalipendeza, acha tu. Langu la Boay lilikuwa na maua mekundu na bluu na pete za karatasi ya sigara katikati. Kila nikitoka nje nilirudi kuliangalia tena, mpaka wenzangu wakanitania kwamba nitaolewa nalo.

Mahafali yalikuwa Jumamosi. Ijumaa asubuhi tulifika shuleni tukakuta mlango wa darasa la pili uko wazi. Ndani amesimama Meneja. Huyu Meneja alikuwa ndama wa Mwalimu Mkuu, ndama wa kisasa, mweusi na mweupe, aliyependwa kuliko wanafunzi. Alikata kamba, akasukuma mlango. Alisimama katikati ya darasa, ua moja limekwama sikioni, ulimi mwekundu kwa wino, akitafuna polepole huku akitutazama. Waya ulikuwa mtupu, umebaki na nyuzi tu.

Nilipiga yowe ambalo nadhani walilisikia mpaka kijiji cha jirani cha Gendabi. Nikakaa chini kwenye vumbi, nikalia kwa sauti bila aibu. Sikulilia karatasi. Nilimwona Boay amesimama mbele ya watu, na Aayo kule kitandani na mguu wake juu, akiamini kwamba mimi ni yeye.

Mwalimu Mkuu alikuja mbio, akamshika Meneja shingoni, akasema kwa mshangao wa kweli, "Lakini huyu ndama hajawahi kula karatasi!"

Hapo ndipo Uda alipoangua kicheko. Uda alikuwa mwenzetu wa darasa, binti wa wafugaji wa bondeni. Jina lake la Kidatoga lilikuwa refu na walimu hawakuliweza, basi tukalikata hivyo. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mmempakia magadi kwenye kila ua," alisema, "halafu mlitaka alambe nini, asali?"

"Magadi gani?" Mwalimu Stella akauliza. Darasa zima likaangalia chini. Tulipomweleza alikaa kwenye ngazi, akajifunika uso kwa mikono ya koti lake, na mabega yakaanza kutikisika. Tukadhani analia. Kumbe naye anacheka. Na mwalimu akicheka, mtoto anapata nguvu.

Lakini kicheko hakivalishwi shingoni. Nje kulikuwa na ukungu na manyunyu, gundi isingekauka mpaka kesho yake. Na karatasi zetu zote zilikuwa tumboni mwa Meneja. Mwalimu alisema, "Haya, nani ana wazo?" Mimi nikasema, na sauti bado ya kilio, "Mwalimu, mimi siwezi kwenda bila shada. Mama kaniachia."

Uda akaacha kucheka. Alinitazama kidogo, akachukua mfuko wa saruji uliokuwa mlangoni wa kufutia miguu, akaukata duara. Halafu akaanza kukata kutoka ukingoni kwa wembe, akizunguka, akizunguka, bila kuinua mkono, kuelekea katikati. Alipomaliza alishika ncha moja, akaivuta, na karatasi ikatoka utepe mmoja mrefu kutoka dirishani hadi mlangoni. "Baba anakata kamba ya ngozi hivi," alisema. "Ngozi moja, kamba moja. Haina kiungo, haitaki gundi." Akakata nyingine mbili, akazisokota zote tatu pamoja, akanipa nivute. Nilivuta kwa hasira zangu zote. Haikukatika.

Weee! Darasa lililipuka. Mwalimu Stella alivua koti, mara yangu ya kwanza kumwona bila koti, akasema, "Sasa karatasi. Mnazitoa wapi, sijui, lakini kabla ya saa sita ziwe hapa."

Na hapa, wenzangu, ndipo mtakumbuka nyumba zetu. Nani hakulala akisoma ukuta? Mama zetu walibandika magazeti na kalenda kwenye kuta za udongo kuzuia upepo na vumbi, na sisi tulijifunza kusoma kwa matangazo ya mbolea yaliyokuwa juu ya kitanda. Nilikimbia nyumbani. Baba alikuwa anachonga mpini. Nilimweleza yote, pamoja na magadi, nikihema. Ukuta wetu Aayo aliubandika mwenyewe, na katikati aliweka kalenda ya kanisa yenye picha ya maua mekundu, aliyoipenda mpaka hakuruhusu mtu aiguse hata mwaka wake ulipopita.

Baba aliingia ndani, akasimama mbele ya ule ukuta. Akasema, "Aliyebandika ndiye aliyesema shingo isirudi tupu. Bandua." Na yeye mwenyewe akaanza upande wa juu nisikofika.

Kila nyumba ilikuwa hivyo siku ile. Tulirudi shuleni tumekumbatia kuta za mama zetu. Mwalimu Mkuu, kwa sababu ndama ni wake na hakuwa na pa kuficha uso, alibandua sebule nzima, akaleta na kalenda ya picha za ng'ombe aliyokuwa akiithamini sana. Tukakata duara, tukazunguka, tukasokota. Aliyekosea pembeni alianza upya na hakuna aliyemcheka. Uda alipita dawati kwa dawati akisema, "Usiinue mkono! Ukiinua inakatika!" kwa sauti ya mkaguzi wa elimu. Wavulana walisokota, wasichana wakafunga maua kwa uzi badala ya gundi, Mwalimu Stella akaimba nyimbo za kwao ambazo hatukuzielewa na tukaziitikia hivyohivyo. Jua lilipoanza kushuka waya ulikuwa umejaa tena, na safari hii Mwalimu Mkuu alifunga mlango kwa kufuli na funguo akalala nazo. Nyumba zote zilipigwa na upepo usiku ule, na asubuhi kijiji kizima kilikuja mahafali na mafua.

Jumamosi! Watu walijaa, pilau ya wageni inanukia kutoka jikoni, sisi tukijua yetu ni makande. Majina yakaanza kuitwa. Kila mhitimu alisimama, kila mama akatoka na vigelegele, na hakuna shingo hata moja iliyorudi tupu. Kisha nikasikia jina la kaka yangu. Boay akasimama na shati lake lililopigwa pasi, akatazama mbele.

Niliinuka. Nilikuwa peke yangu kwenye ule uwanja, kisha nikasikia kigelegele nyuma, kimoja, kikali. Alikuwa mama yake Uda, na mavazi yake ya ngozi na shanga zikigongana, ametoka bondeni kwa miguu. Halafu kingine, halafu wanawake wote, jirani zetu wote, wakanijia nyuma wakicheza. Nikawa Aayo kweli. Nilifika kwa Boay, nikanyoosha mikono, sikumfikia. Akapiga magoti. Kijana aliyesema shada ni mambo ya wanawake akapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake safi, nikamvalisha maua mekundu ya kalenda ya mama yetu, na kifuani likamwangukia tangazo la mbolea. Watu walishangilia mpaka mabati yakaitikia. Nimepata mengi maishani, namshukuru Mungu, lakini ushindi wa namna ile sijaupata tena.

Boay hakulivua. Alikula nalo, akalala nalo, na Jumapili baada ya misa akapanda basi kwenda Haydom nalo shingoni. Konda alimuuliza kama ni bwana harusi. Alituhadithia kwamba alipoingia wodini Aayo alilitambua shada kabla ya kumtambua mtoto, akapaza sauti, "Huo si ukuta wangu?" Wagonjwa wote wakageuka. Boay akalivua, akalifunga kwenye kile chuma kilichoshika mguu wa mama, na likakaa pale mpaka siku Aayo aliporudi nyumbani akitembea na magongo. Panya walilimaliza miaka mingi baadaye.

Mwaka jana binti yake Boay, Neema, alimaliza darasa la saba pale mjini Katesh. Wiki moja kabla, Aayo, ambaye sasa ni bibi wa fimbo, na mguu ule humtabiria mvua, aliniita. "Nitengenezee shada kama lile. La karatasi." Nikakusanya watoto wa ukoo sebuleni, nikagawa mikasi, kila mmoja wake, tena ya rangi. Mungu wangu! Kushika mkasi hawajui. Mmoja akaniuliza, "Shangazi, hakuna video yake?" Nikamwambia video ni mimi. Nikampigia simu Uda, siku hizi ana ng'ombe zake Gendabi na sauti ileile, nikamweka hewani, na sebule nzima ikasikia, "Usiinue mkono! Ukiinua inakatika!" Mpaka jioni walikuwa wamezisahau simu zao, na karatasi zimejaa mpaka kwenye chai.

Siku ya mahafali Neema alivalishwa mashada ya dukani, yale ya kung'aa, moja juu ya jingine, mpaka tukabaki tunaona macho tu. Mapicha, mastatasi ya WhatsApp, muziki wa kupasua masikio. Mashada yenyewe yanamwaga manyoya, jioni unayakuta kwenye pipa la taka. Nikamtazama Aayo na shada lake la karatasi magotini, nikajisemea, maskini, litafunikwa, halitaonekana.

Aayo akainuka. Alitembea kwa fimbo yake, polepole, akampita Neema. Mshereheshaji akasema kwenye maiki, "Bibi, mhitimu yuko huku." Aayo hakugeuka. Alikwenda mpaka kwenye viti vya wazazi, akasimama mbele ya Boay, mwanaume mzima mwenye kitambi na mvi, ameshika simu anapiga picha.

"Weka hiyo simu," akamwambia. "Siku ile sikuwepo. Leo nipo."

Na kaka yangu, mbele ya Katesh nzima, akapiga magoti.